Kiyoyozi cha pikapu ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Toyota Hilux za 1988 hadi 1997

Maswali yaliyokusanywa hapa yanahusu Hilux za kizazi kilichotoka mwaka 1988, kwa sababu ndizo pikapu za zamani ambazo bado zinafanya kazi kwa wingi katika pwani ya Tanzania na Kenya, na kwa sababu mfumo wake wa kiyoyozi unaweza kueleweka na mtu yeyote aliye tayari kuufuatilia bomba kwa bomba. Mengi ya yanayoelezwa yanafaa pia kwa Nissan, Isuzu na Mitsubishi za umri huo.

Je, gesi ya kiyoyozi huisha kwa kutumika, kama dizeli?

Haiishi. Gesi huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Kompresa huibana na kuisukuma ikiwa moto hadi kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, ambako hupoa na kugeuka kimiminika. Kutoka hapo hupita kwenye draya, inayonyonya unyevu na kuchuja uchafu, kisha hupenya katika tundu jembamba la valvu ya upanuzi. Ikitokea upande wa pili wa valvu, shinikizo huwa limeshuka ghafla, kwa hiyo kimiminika huchemka ndani ya evaporeta iliyo nyuma ya dashibodi na kunyonya joto la hewa inayopulizwa na feni. Baada ya hapo hurudi kwenye kompresa ikiwa gesi, na mzunguko huanza upya bila chochote kutumika.

Ni kweli kwamba pikapu yenye miaka 30 hupoteza kiasi kidogo kupitia mabomba ya mpira na sili ya shafti ya kompresa, lakini upotevu huo ni wa polepole sana. Gari linalohitaji kujazwa gesi kila kiangazi lina tundu mahali fulani, na kulijaza bila kulitafuta tundu hilo ni kutia maji kwenye pakacha. Fundi anayefungua boneti, akaunganisha chupa ya gesi na kudai malipo kabla ya kukagua chochote amekuuzia gesi tu, hajatengeneza kiyoyozi.

Nitajuaje kama tatizo ni gesi au ni kitu kingine?

Anza na mambo yasiyohitaji geji za kupimia shinikizo. Washa injini, washa kiyoyozi kwa feni ya juu kabisa, kisha usimame mbele ya gari ukiwa umefungua boneti. Tazama uso wa puli ya kompresa: mkanda huzungusha puli wakati wote, lakini bamba lililo mbele ya puli huzunguka pale tu klachi ya kompresa, yaani sumaku ya umeme inayoliunganisha bamba hilo na puli, inaposhika, na inaposhika utasikia mlio mfupi wa chuma kugusana. Bamba likibaki limesimama, kompresa haifanyi kazi, na sababu inaweza kuwa ya umeme au ya gesi. Likizunguka, ngoja dakika chache kisha uguse, kwa uangalifu na mbali na feni, mabomba mawili yanayotoka kwenye kompresa. Jembamba linapaswa kuwa la moto sana, na nene linalotoka kwenye evaporeta linapaswa kuwa baridi lenye jasho la maji. Yote mawili yakiwa vuguvugu, gesi ni kidogo au kompresa imechoka.

Kuna jambo moja linalosahaulika mno. Katika Hilux hizi, maji ya moto ya hita hupita kwenye koki ndogo inayovutwa kwa waya, iliyo kwenye ukuta kati ya injini na chumba cha dereva. Waya huo ukikatika au koki ikikwama ikiwa wazi, hewa iliyokwisha kupozwa na evaporeta hupashwa moto tena na hita kabla ya kukufikia, na hakuna kiasi cha gesi kitakachokusaidia. Weka kidhibiti upande wa baridi, kisha shika mipira miwili ya hita. Ukiona yote miwili inaunguza, shughulika na koki kwanza. Madereva wengi wa pwani huamua kuziunganisha hizo njia mbili za maji ili hita isipate maji kabisa. Ni suluhisho linalokubalika kwa gari lisilopanda Mbeya au Limuru.

Hakikisha pia kwamba umechagua hewa ya ndani badala ya hewa ya nje. Dar es Salaam na Mombasa hewa ina mvuke mwingi, na kiyoyozi hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuugeuza mvuke huo kuwa maji kabla hata hakijashusha joto.

Klachi ya kompresa haishiki. Nianzie wapi?

Fuata njia ya umeme kutoka mwanzo hadi mwisho, usirukie kompresa. Kwenye Hilux, umeme hupita kwenye fyuzi, swichi ya feni, swichi ya kiyoyozi, kifaa kidogo cha kudhibiti kilicho karibu na evaporeta, swichi ya shinikizo na rilei, ndipo ufike kwenye koili ya klachi. Feni ya ndani isipofanya kazi, kiyoyozi hakiwaki. Mfumo umeundwa hivyo kwa makusudi, ili evaporeta isigande barafu.

Swichi ya shinikizo hukata umeme pale gesi inaposhuka chini ya takriban psi 30 (psi ni kipimo cha shinikizo), yaani baa 2, na pia shinikizo linapopanda kupita kiasi. Kwa hiyo klachi isiyoshika huweza kuwa ni ulinzi unaofanya kazi yake sawasawa. Baadhi ya mafundi huunganisha waya mbili za swichi hiyo ili kompresa ilazimike kuzunguka. Kwa sekunde chache za uchunguzi jambo hilo linavumilika, lakini kuliacha hivyo ni kuiua kompresa, kwa sababu mafuta yake ya kulainisha husafiri pamoja na gesi, na gesi ikiwa haba, mafuta hayarudi.

Kitu kingine cha kupima ni sensa ya joto iliyochomekwa kwenye mapezi ya evaporeta. Waya zake huoza kwenye plagi, na kifaa cha kudhibiti kikikosa taarifa yake huamua kuiacha klachi imezimwa. Hatimaye, ikiwa umeme unafika kwenye koili lakini bamba halivutwi, hasa injini ikiwa imepata moto, kagua nafasi kati ya bamba na puli. Inapaswa kuwa karibu nusu milimita. Bamba likilika, nafasi hupanuka na sumaku hushindwa kulivuta. Kuondoa washa moja nyembamba iliyo nyuma ya bamba hutosha mara nyingi, na hiyo ni kazi isiyohitaji kugusa gesi kabisa.

Uvujaji hutafutwaje?

Kwanza kwa macho. Gesi inapotoka huondoka na chembe za mafuta, na mafuta hukamata vumbi. Kwa hiyo chukua tochi na upite kila kiungo: unatafuta mahali ambapo vumbi limekuwa jeusi, lenye unyevu na linalonata, huku chuma kilicho pembeni yake kikiwa na vumbi kavu la kawaida. Kwenye pikapu zilizopita sana barabara za vumbi, mahali pa kwanza pa kutazama ni kona ya chini ya kondensa, ambako kokoto hugonga na tope la chumvi hukaa. Kisha viungo vyenye oringi, zile pete za mpira za kuzibia. Kisha uso wa mbele wa kompresa, nyuma ya klachi, ambako sili ya shafti ikichoka hurusha mafuta kwa mzunguko hadi chini ya boneti. Na mwisho ni valvu za kujazia gesi, ambazo mara nyingi hazina hata vifuniko vyake.

Macho yasipotosha, mfumo uliokwisha kuondolewa gesi hujazwa naitrojeni kavu kupitia kidhibiti cha shinikizo, kisha hupakwa povu la sabuni kwenye kila kiungo. Povu hufura taratibu, wakati mwingine baada ya dakika kadhaa, kwa hiyo kazi hii haitaki haraka. Oksijeni isitumike kamwe, hata kama mtungi wake ndio ulio karibu: oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta inaweza kulipuka. Hewa ya kompresa ya kujazia matairi nayo haifai, kwa kuwa inaingiza unyevu, na R134a, gesi ya kiyoyozi iliyochukua nafasi ya R12 ya zamani, ikichanganyika na hewa nyingi chini ya shinikizo kubwa inaweza kushika moto.

Uvujaji wa evaporeta ndio unaosumbua zaidi kwa sababu hauonekani. Dalili yake ni mafuta kwenye maji yanayotoka kwenye bomba la kumwagia maji chini ya gari, na njia ya uhakika ni kupenyeza kigunduzi cha kielektroniki kwenye tundu la hewa feni ikiwa imezimwa. Oringi zote za viungo vilivyofunguliwa zibadilishwe, zipakwe mafuta ya kompresa kabla ya kufungwa, na ziwe za aina inayoivumilia R134a. Oringi moja ni kitu cha bei ndogo sana, na kurudisha ya zamani ni kujitafutia kazi ya pili.

Gari langu lilitoka kiwandani na R12. Je, nifanye nini?

Tazama kibandiko chini ya boneti pamoja na valvu za kujazia. Valvu za R12 zina nyuzi za kufungia kwa kuzungusha. Za R134a ni laini, za kubana kwa mkupuo, na ya upande wa shinikizo kubwa ni nene kuliko ile ya upande mdogo. Hilux za mwanzo za kizazi hiki zilitoka na R12, na watengenezaji wakahamia R134a katika miaka ya mwanzo ya 1990.

Sababu ya kuhama inafahamika. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kuwa gesi za jamii ya R12 hupanda angani na kuharibu tabaka la ozoni, na tarehe 16 Septemba 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal, uliozifanya nchi tajiri ziache kuzalisha R12 mwishoni mwa 1995 na nchi zinazoendelea mwaka 2010. Kwa hiyo chupa iliyoandikwa R12 leo inapaswa kutiliwa shaka.

Kubadilisha kwenda R134a kunawezekana na kunafaa, lakini si suala la kumimina tu. Mafuta ya zamani ya R12 ni ya madini na hayachanganyiki na R134a, kwa hiyo hubaki yamelala kwenye evaporeta huku kompresa ikikauka. Yanapaswa kutolewa kadiri inavyowezekana, na badala yake yatiwe mafuta ya esta, ambayo huvumilia mabaki ya madini kuliko mafuta ya PAG, aina nyingine inayotumika na R134a. Draya ibadilishwe, kwa sababu chembe za kunyonya unyevu za baadhi ya draya za zamani hazifai kwa R134a. Oringi zibadilishwe, valvu za kujazia zifungwe za aina mpya, na gesi itiwe kati ya asilimia 80 na 90 ya uzito ulioandikwa kwa R12.

Jambo la kutarajia ni hili: penye joto kali, R134a hutaka kondensa kubwa kuliko R12. Kama kondensa yako tayari imechakaa, nunua ya muundo mpya yenye njia nyingi bapa sambamba. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo fedha inayotumika vizuri kuliko zote katika ubadilishaji huu, hasa kwa gari la pwani.

Fundi amesema anaweza kutia R22 au gesi ya kupikia kwa bei nafuu. Nikubali?

Usikubali. R22 ni ya viyoyozi vya majumbani. Joto likiwa nyuzi 30, shinikizo lake katika mfumo uliotulia ni karibu psi 158, wakati R134a ina psi 97 tu. Injini ikiwaka kwenye jua la mchana, tofauti hiyo huwa mzigo ambao mabomba na sili za gari havikutengenezewa.

Gesi ya kupikia hupoza, na ndiyo maana inashawishi. Lakini evaporeta imo ndani ya chumba cha dereva, mbele ya magoti ya abiria, na chumba cha pikapu ya milango miwili ni kidogo. Bomba likipasuka kwa ajali au evaporeta ikitoboka usiku gari likiwa limefungwa, gesi hujaa ndani, na cheche ya swichi au njiti ya sigara inatosha. Kondensa nayo iko mbele kabisa ya gari, mahali pa kwanza kugongwa, hatua chache kutoka kwenye injini ya moto. Mtu anayekutilia gesi hiyo anakuwekea hatari ambayo hata fundi atakayefuata hataijua, kwa sababu geji haitamwonyesha ni gesi gani iliyomo.

Kwa nini fundi mzuri hutumia muda mrefu kuvuta hewa kabla ya kujaza?

Kwa sababu hewa na maji ni maadui wa mfumo huu. Hewa haigeuki kimiminika ndani ya kondensa, kwa hiyo hukaa humo ikipandisha shinikizo bila kupoza chochote. Maji huganda kwenye tundu la valvu ya upanuzi na kuiziba, ndiyo maana baadhi ya magari hupoza vizuri kwa robo saa, huacha, kisha huanza tena barafu ikiyeyuka. Pia maji huungana na mafuta na gesi kutengeneza asidi inayokula chuma.

Pampu huondoa maji kwa kuyachemsha. Shinikizo likishushwa hadi takriban sehemu moja ya 25 ya lile la kawaida, maji huchemka kwenye nyuzi joto 29 hivi, na pampu nzuri hushuka chini zaidi ya hapo. Inahitaji muda: nusu saa ni kima cha chini, na kwa mfumo uliokaa wazi saa moja au zaidi ni bora. Baada ya hapo valvu za geji hufungwa, pampu huzimwa, na sindano hutazamwa kwa angalau dakika kumi. Ikipanda, bado kuna mahali panapovuja, au maji hayajaisha.

Nijaze gesi kiasi gani, na geji zinapaswa kusoma nini?

Gesi hujazwa kwa mizani, kwa kufuata uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha gari. Fundi anayeunganisha geji injini ikiwa imezimwa, akaona psi 90 na kusema gesi ipo ya kutosha, amekosea: mfumo uliotulia huonyesha shinikizo linalotegemea joto la hewa tu, mradi kuna kimiminika kidogo ndani, uwe na gramu 200 au 600.

Injini ikiwa kwenye mzunguko wa 1,500 kwa dakika, milango ikiwa wazi, feni ya juu, na hewa inayoingia ikiwa kati ya nyuzi 30 na 35, mfumo wa R134a wa Toyota za wakati huo husoma takriban psi 21 hadi 36 upande mdogo na psi 200 hadi 230 upande mkubwa. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi haitoshi. Zote zikiwa juu, gesi imezidi, kuna hewa, au kondensa haipozi. Upande mdogo ukiwa juu na mkubwa ukiwa chini huku hakuna ubaridi, kompresa haibani tena. Upande mdogo ukishuka hadi kwenye ombwe, kuna kizuizi, mara nyingi kwenye valvu ya upanuzi au draya.

Kioo kidogo kilicho juu ya draya husaidia kwa R12, ambapo mapovu mengi humaanisha upungufu. Kwa R134a kisikupe uhakika: ukijaza mpaka mapovu yaishe kabisa, aghalabu utakuwa umezidisha.

Kiyoyozi kinapoza nikiwa barabara kuu, lakini kwenye foleni hewa inakuwa vuguvugu. Kwa nini?

Kwa sababu kwenye foleni hakuna upepo wa kuipoza kondensa isipokuwa ule unaovutwa na feni ya injini. Kagua klachi ya feni hiyo: injini ikiwa moto na imezimwa, feni inayozunguka kwa ulegevu ikisukumwa kwa kidole imepoteza mafuta yake ya silikoni. Kagua kama ile plastiki inayoizunguka feni ipo, kwani magari mengi yamefanyiwa kazi ya rejeta na haikurudishwa. Kisha mulika kwa tochi nafasi iliyo kati ya kondensa na rejeta. Humo hukutwa manyoya, mbegu za nyasi na udongo uliokauka, na maji ya shinikizo dogo kutoka nyuma kwenda mbele huusafisha bila kupinda mapezi. Feni ya umeme ya ziada mbele ya kondensa ni nyongeza inayofaa, iwapo altaneta ina nguvu ya kuibeba.

Kompresa mpya imekufa baada ya muda mfupi. Kosa ni la nani?

Mara nyingi kosa limo kwenye kilichobaki ndani ya mfumo. Kompresa inapokufa kwa kujisaga hutoa unga wa chuma unaoenea hadi kondensa. Toa valvu ya upanuzi uone kichujio chake: kikiwa kimepakwa uji wa kijivu au mweusi wenye kumetameta, basi mabomba yasafishwe kwa dawa yake na kupulizwa naitrojeni, draya na valvu zibadilishwe, na kondensa ya njia nyembamba ibadilishwe kabisa, maana haisafishiki. Kiasi cha mafuta nacho kipimwe. Kompresa za kampuni ya Nippondenso za R12 zilitumia mafuta ya ND-OIL 6 na zile za R134a ND-OIL 8, na kuyachanganya ni kuiharibu kazi yote.

Kompresa ya mtumba inaweza kununuliwa, mradi matundu yake yalikuwa yamezibwa tangu ilipofunguliwa. Iliyokaa dukani na midomo wazi imekwisha kunywa unyevu.

Maji yanamwagika miguuni mwa abiria. Je, ni hatari?

Ni bomba la kumwagia maji ya evaporeta limezibwa na tope au viota vya wadudu. Lizibue kwa waya laini kutoka chini ya gari. Ukilipuuza, zulia huoza na sakafu hula kutu. Hilux hizi hazina kichujio cha hewa ya ndani, kwa hiyo feni ikivuma sana huku hewa ikitoka kidogo, evaporeta yenyewe imejaa vumbi na itabidi sanduku lake lishushwe lisafishwe.

Kazi gani naweza kufanya mwenyewe?

Kila isiyofungua mfumo: mkanda, fyuzi, rilei, koki ya hita, usafi wa kondensa, nafasi ya klachi. Gesi ikitoka ikiwa kimiminika hugandisha ngozi na inaweza kupofusha, na ikipita kwenye moto hutoa mvuke wenye sumu, kwa hiyo miwani na glavu ni lazima, na mtu asichomelee bomba lenye gesi. Isiachiwe hewani pia. R134a haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto kuliko zaidi ya kilo 1,000 za kaboni dioksidi, na ndiyo sababu Marekebisho ya Kigali ya Mkataba wa Montreal, ya Oktoba 2016, yanaipunguza hatua kwa hatua.

Nidai nini kutoka kwa fundi kazi ikiisha?

Dai maandishi: aina ya gesi na gramu zilizotiwa, aina na kiasi cha mafuta, mahali palipokuwa panavuja, na vipuri vilivyobadilishwa. Kama gari limehamishwa kutoka R12, kibandiko kipya kinachosema R134a kibandikwe chini ya boneti juu ya kile cha zamani.